UZI: Hiyo PDF ya kufunga OpenCV ifuteni, inapoteza watu

Jamani, hii tabia imezidi. Kuna PDF ya kujenga OpenCV (maktaba ya programu ya kushughulikia picha na video) kutoka msimbo chanzo inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Unguja, na Chake imeshafika. Kila anayeipata anamsukumia mwengine, hapana aliyeitizama. Mwisho wake imeandikwa "ukiona 100% umemaliza". Umemaliza nini? Ile 100% ya make (amri inayojenga) ni ya vile vilivyopangwa kujengwa. Vilivyoachwa nje haivitaji kabisa.

CMake, ile inayopanga kazi kabla ya make, ikikosa kitu haigombi. Inakiruka, inaandika NO kwenye muhtasari, inaendelea. Hukuweka libgtk-3-dev? Kila kitu kitajengeka, halafu siku ya kuita imshow (ya kuonyesha picha) ndio unaambiwa "The function is not implemented". Hukuweka libavcodec-dev, libavformat-dev na libswscale-dev? FFMPEG: NO, na video yako haifunguki wala huambiwi kwa nini. Hukuweka python3-dev na numpy? python3 inahamia mstari wa "Unavailable", na mtu anakuja hapa kulia "No module named cv2". Muhtasari usomwe KABLA ya make, khasa mstari wa "To be built". PDF nzima haiutaji hata mara moja!

Na hiyo make -j8 kaiweka nani? Laptopu nyingi za mtumba huku zina RAM ya GB 4. Ukiendesha kompaila nane kwa pamoja, RAM inajaa, kerneli inaua mojawapo: "Killed signal terminated program cc1plus". Hilo si kosa la msimbo, wala kupakua upya hakusaidii. Weka -j2, na ongeza swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM):

sudo fallocate -l 4G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Bando nalo. Git clone ya kawaida inashusha historia yote ya mradi tangu enzi. Ya nini? Tumia hivi:

git clone --depth 1 -b 4.10.0 https://github.com/opencv/opencv.git
git clone --depth 1 -b 4.10.0 https://github.com/opencv/opencv_contrib.git

Hiyo contrib ni moduli za ziada za OpenCV; namba ya toleo iwe moja pande zote mbili. Kwenye PDF, opencv ni 4.10.0 lakini contrib inachukuliwa tawi la 4.x, inaonekana mtu kabadilisha namba sehemu moja akaona inatosha. Na ni ya zamani kweli, maana bado inamwita SIFT (mbinu ya kutafuta alama kwenye picha) kutoka xfeatures2d ya contrib, wakati tangu 4.4.0 ya mwaka 2020 yuko kwenye moduli kuu. Anayehitaji OPENCV_ENABLE_NONFREE=ON ni SURF, mbinu nyengine kama hiyo.

Kubwa kuliko yote: CMake yenyewe inashusha mafaili mengine wakati wa kupanga, kama IPPICV na yale ya boostdesc. Mtandao ukikatika hapo inatoa onyo tu na kuendelea, kisha make inakwama mbele kabisa: "boostdesc_bgm.i: No such file or directory". Fungua CMakeDownloadLog.txt ndani ya build uone kilichokosekana, rudia cmake mtandao ukirudi. Yaliyoshushwa yanakaa kwenye folda .cache ndani ya opencv. Mmoja akishakamilisha, wengine wachukue folda hiyo kwa flashi, bando la nini tena?

Umeme ukizimika katikati, msifute build! Make inaendelea ilipoishia. Ikilalamika "file truncated", futa hilo faili la .o pekee, endesha tena. Mwisho sudo make install, kisha sudo ldconfig, ambayo PDF imeisahau. Bila yake programu za C++ zitasema hazioni libopencv_core.so.410.

JIBU (Wete): Kweli tupu, ila ndugu yangu, wengi wao hawana haja ya kujenga. Mtu anataka kutambua nyuso kwa Python tu. Pip install opencv-contrib-python inamtosha.

MWENYE UZI: Sawasawa. Kujenga ni kwa anayetaka CUDA (kutumia kadi ya NVIDIA), GStreamer (ya mtiririko wa video) au SURF. Ila akishajenga aiondoe ya pip kwanza, la sivyo Python inaweza kuchukua ile ya pip. Ahakikishe kwa hii:

python3 -c "import cv2; print(cv2.__file__); print(cv2.getBuildInformation())"

Asiyebandika majibu ya amri hiyo hapa, mie simjibu.