Naomba ushauri: kupaka rangi nyeupe mbao za paini sebuleni

Mkazi_Mafinga: Wakuu, habari. Sebule ina mbao za paini ukutani, hazijaguswa na vanishi. Nataka nyeupe. Nianze na msasa namba ngapi, na lita 20 za rangi ya maji zinatosha kuta nne za mita 4 kwa 2.6? Nina haraka kidogo.

Msasa120: Anza na 120 kufuata nyuzi, malizia na 180. Usilainishe zaidi, rangi itakosa pa kushika. Eneo ni mita za mraba 41 na ushei. Lita moja hufunika kama 10, kwa hiyo rangi itabaki.

Babu_Vanishi: Kwa nini uifiche paini? Unaishi jirani na msitu wa Sao Hill halafu unatamani ukuta wa jipsamu! Piga vanishi, kaa kwa amani.

Patasi: Hakuna aliyeuliza mafundo (yale madoa magumu palipoota matawi). Mbao zilikaushwa kwa tanuri au kwa hewa? Na zimetoka kiwandani lini?

Mkazi_Mafinga: Kwa hewa. Wiki tatu. Ila kwa mkono zinaonekana kavu.

Patasi: Kuna ukuta umeshapakwa?

Mkazi_Mafinga: Mmoja. Fundi ameshapiga mikono (tabaka) miwili ya rangi. Kila fundo limetoa doa kama chai ya rangi. Nilidhani mkono wa tatu utafunika, na ndoo ya rangi duka hawaipokei tena.

Patasi: Hata wa kumi haufuniki. Utomvu unapenya rangi ya maji. Ya mafuta inauchelewesha tu. Tanuri lenye joto la kutosha hugandisha utomvu, hewa haiugandishi. Kwangua rangi juu ya fundo mpaka mbao. Lipashe kwa mashine ya kukaushia nywele, utomvu ukichuruzika ukwangue, futa kwa kitambaa chenye spiriti. Kisha shelaki (gundi ya wadudu inayoyeyushwa kwa spiriti, huziba utomvu) isiyo na nta, gramu 250 kwa lita ya spiriti, mikono miwili myembamba, ivuke ukingo wa fundo sentimita 3. Subiri dakika 45 katikati. Brashi ioshe kwa spiriti, tina ya rangi ya mafuta haitoi shelaki.

Kinu: Kabla ya hayo, bandika nailoni ya nusu mita kwenye mbao, ziba kingo zote kwa selotepu, iache usiku kucha. Ukikuta umande ndani, mbao bado mbichi. Mbao zikisinyaa baada ya kupakwa, kila kiungo kitaonyesha mstari wa mbao tupu. Na viungo usivijaze fila, itapasuka.

Mkazi_Mafinga: Nikiweka jiko la mkaa sebuleni zikauke haraka? Maana nilipopiga mkono wa pili kulikuwa na baridi kali.

Kinu: Jiko na mvuke wa spiriti chumba kimoja? Unakausha mbao au unachoma nyumba?

Babu_Vanishi: Subirini. Juu kaandika "fundi ameshapiga", hapa "nilipopiga". Hii sebule si yake. Hadithi ya kutunga!

Msasa120: Fundi ndiye yeye 😂

Mkazi_Mafinga: Sawa, ni mimi. Mwenye nyumba anahamia Jumamosi. Shelaki naipata wapi?

Patasi: Waulize maseremala wanaong'arisha fanicha. Jumamosi isahau. Mpigie mwenye nyumba leo, umwonyeshe ile nailoni ikiwa na umande.