Programu inasoma "keshokutwa" kama "kesho", nirekebishe vipi?

mwana_wete: Assalaam alaykum wataalamu. Naunda kwa Python programu ya kusoma meseji za abiria wa boti, Unguja na Pemba, itoe tarehe na saa ya safari. "Keshokutwa" inatoka kesho, "saa 12 jioni" inatoka 06:00. Kwa dateutil (maktaba ya Python ya kusoma tarehe), 15/8 inakuja sawa lakini 5/8 inakuwa Mei 8. Na meseji zinazotumwa saa 7 usiku zinarudi nyuma siku nzima.

gati_namba2: Waalaykum salaam. Ruwaza yako ya kutafuta maneno inaridhika mara tu inapokuta "kesho". Tanguliza maneno marefu: mtondogoo (+4) kabla ya mtondo (+3), keshokutwa (+2) kabla ya kesho (+1). Ikubali na "kesho kutwa" yenye nafasi, wengi huandika hivyo.

Saa: gawa kwa 12, chukua baki. Ikiwa ni mchana ongeza 6, ikiwa ni usiku ongeza 18, ukifika 24 au zaidi toa 24. Tatizo ni kwamba "jioni" imekaa pande zote mbili: saa 10 na 11 jioni ni mchana (16:00, 17:00), saa 12 na saa 1 jioni ni usiku (18:00, 19:00). Alfajiri nayo hivyo hivyo: saa 11 ni 05:00 kwa hesabu ya usiku, saa 12 ni 06:00 kwa hesabu ya mchana. Kwa hiyo amua kwa neno pamoja na namba, neno peke yake halitoshi.

kisiwa_panda: Kwa 5/8 weka dayfirst=True (siku itangulie mwezi), ila jaribu kwanza date.fromisoformat (husoma mwaka-mwezi-siku), maana ukiwasha dayfirst, 2025-08-05 nayo inageuzwa Mei 8. Mwaka usipotajwa na tarehe imeshapita, ongeza mwaka mmoja.

Kurudi nyuma siku ni seva kutumia UTC (saa ya kimataifa, iko nyuma yetu kwa saa tatu): kwetu 00:00 hadi 02:59, huko bado jana. Tumia saa za kwetu, ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam"), na uhesabu kutoka wakati meseji *ilipotumwa*. Ikikaa foleni ikavuka saa 6 usiku, "kesho" itasogea.

gati_namba2: Nyongeza: "usiku wa Ijumaa". Kwa wengi hapa ni Alhamisi baada ya magharibi, wengine humaanisha Ijumaa yenyewe usiku. Usikisie kabisa, mtu ataachwa na boti. Mrudishie meseji yenye siku, tarehe na saa, athibitishe kabla hujakata tiketi. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" hauna utata, huo upitishe.