Ni kweli Marekani kampuni ya umeme ikizembea inalimwa dola milioni kwa siku?

Muuza Samaki:
Wakuu habari za jioni. Nimebishana na shemeji yangu aliyeko Texas, nilikuwa namlalamikia umeme umekata toka asubuhi, samaki kwenye friza wanaanza kulainika, akaniambia kwao kampuni ikivunja viwango inapigwa faini hadi dola milioni moja kwa siku. Nikamwambia acha kamba. Ni kweli? Na hiyo hela mteja anaiona?

Kishoka Mstaafu:
Hajakupiga kamba mkuu. Zamani viwango vya NERC, lile shirika linaloweka viwango vya uhakika wa umeme Marekani na Kanada, vilikuwa hiari, unafuata ukipenda. Ikaja Agosti 14, 2003, laini za Ohio zikagusa miti iliyoachwa ikakua ovyo, na kule kontrolrumu programu ya alamu imekufa wala hawajui, giza likawakuta watu kama milioni 50 Marekani na Kanada. 2005 ikapita sheria, 2007 viwango vikawa lazima, na hiyo milioni kwa siku kwa kila kosa ndo ikaanzia hapo. Ila ni gridi kubwa tu, transfoma ya mtaani ikilipuka hawahusiki.

dada_mita:
Tena milioni ndo ilikuwa dari wakati ule jamani, siku hizi imepanda, sio kwamba kila mtu analipa hiyo. Soma kesi ya kampuni ya umeme ya Florida Power & Light, Februari 2008, injinia anatafuta hitilafu ya swichi pale substesheni ya Flagami, Miami, akazima kinga zote mbili, ya kwanza na ile ya akiba 🤦🏾‍♀️ shoti ikapiga hakuna cha kuikata, laini 22 zikatoka na megawati 3,650 za wateja zikaenda. 2009 wakamalizana kwa dola milioni 25, yaani 10 hazina ya serikali, 10 NERC, 5 kuboresha mfumo wao wenyewe. Haya nioneshe fungu la muuza samaki hapo.

Muuza Samaki:
Kwa hiyo mteja patupu?? Sasa faini ya nini

Bwana Nguzo:
Ya kuwatia adabu, na inasaidia, siku hizi miti chini ya zile laini inafyekwa kweli. Ila wewe unataka fidia, hiyo nenda Uingereza. Nako faini haimfikii mteja moja kwa moja, Agosti 9, 2019 umeme uliwakatikia wateja zaidi ya milioni 1, treni zikakwama, wenye mitambo ya kuzalisha umeme ya Hornsea na Little Barford wakatoa pauni milioni 4.5 kila mmoja zikaenda mfuko wa kusaidia wenye shida. Lakini pembeni kuna utaratibu mwingine, umeme ukikaa umekata zaidi ya masaa 12 na hali ya hewa ni ya kawaida, kampuni ya usambazaji inakulipa wewe mwenye nyumba. Mi naona hiyo ndo ya kupigania huku, faini zinanenepesha hazina tu.

Muuza Samaki:
Saa zinahesabiwa toka ulipokata?

Bwana Nguzo:
Toka kampuni ilipojua. Kwa hiyo piga simu mapema, usikae unamsubiri jirani apige.