Naomba ushauri: mahari ya hela za makombe, Malaita

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi Mtanzania, nafanya kazi Honiara, Visiwa vya Solomon, na nimechumbia binti wa kisiwa cha Malaita, kwao ni Langa Langa jirani na mji wa Auki. Posa imepokelewa vizuri tu ila mahari wanataka zile hela zao za makombe ya baharini, zinaitwa tafuliae, yaani nyuzi 10 zimeunganishwa pamoja, vishanga vyekundu, vyeupe na vyeusi, kila kimoja akina mama wamekivunja, wakakitoboa na kukisugua, ukishika tu unaona hii ni kazi ya watu. Wametaja tafuliae tano, na nguruwe, na pesa kidogo.

Nimeulizia sokoni Honiara, zipo ila bei imesimama na mimi nzuri na mbovu sizijui, nasikia tu nyekundu ndo zenye thamani zaidi. Mchumba nimemuuliza akasema hilo ni la wakubwa. Kinachonikwamisha hasa ni kwamba kule mahari ukoo wa mwanaume unachanga na kuipeleka mbele za watu, na mimi baba na wajomba wote wapo Tanga. Nataka nifanye inavyotakiwa, hawa watu nawaheshimu sana.

Mliooa Malaita au kuishi huko, ninunue hapa Honiara au nipande meli hadi Auki niagize kwa mafundi wenyewe? Na nikiwaomba wazee wa Malaita ninaofanya nao kazi wasimame upande wangu, wakwe wataona heshima au dharau?

Asanteni sana.