Naomba ushauri: regulata moja ya kuzamia ziwani hapa Mwanza na kwenye maji baridi ya Norwei

Mzamiaji wa Luchelele
Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninafanya kazi katika shamba la vizimba vya sato upande wa Luchelele. Kila siku hukagua nyavu, hushona zilizotoboka na kuondoa samaki waliokufa, katika kina ambacho ni nadra kuzidi mita 12. Maji yetu mnayajua: joto lake huwa nyuzi 24 hadi 27 hivi mwaka mzima, lakini kwa tope na mwani kuna siku sioni hata kiganja changu. Mwezi Januari ninatarajia kwenda Norwei kwa mafunzo ya miezi mitatu kwenye mashamba ya samoni, ambako nimeambiwa nijiandae kuzamia katika maji ya nyuzi 5. Regulata yangu ya sasa (kifaa kinachoshusha shinikizo la hewa ya mtungi ili niivute) ni ya pistoni, niliinunua ikiwa imeshatumika, na aliyeniuzia aliniapia kwamba inafaa popote. Baada ya miezi minne ikaanza kuvujisha hewa mdomoni. Nimejikusanyia fedha za kununua moja tu. Je, nikichukua ya maji baridi, haitanisumbua nitakaporudi nayo kwenye maji ya joto?

Fundi Valvu
Haitakusumbua, mdogo wangu. Iliyotengenezwa kwa maji baridi hufanya kazi vizuri kwenye joto. Hatari iko kwa anayepeleka ya maji ya joto kwenye baridi.

Ujue kwanza kinachotokea ndani. Hewa ya mtungini ina shinikizo la bar 200 hivi, na hatua ya kwanza, yaani sehemu inayofungwa kwenye mtungi, huishusha mpaka bar 9 au 10 juu ya shinikizo la maji yanayokuzunguka. Hewa inapotanuka ghafla kiasi hicho hupoa sana, na chuma kinachoizunguka hupoa pamoja nayo. Hapa ziwani maji yenyewe hurudisha joto kwenye chuma kabla hakijafika mbali, ndiyo maana hujawahi kuliona tatizo hili. Maji yakiwa ya nyuzi 5 hayana joto la kutosha la kutoa, hivyo barafu inaweza kujijenga penye springi. Katika regulata nyingi za pistoni, maji huingia moja kwa moja kwenye chumba cha springi. Yakiganda humo, pistoni hukwama ikiwa wazi, shinikizo hupanda kwenye mpira wa kupitisha hewa, na hatua ya pili, ile ya mdomoni, huanza kumwaga hewa mfululizo bila kuzimika. Mtungi ambao ungekutosha nusu saa unaweza kwisha kwa dakika chache.

Kwa hiyo tafuta ya diaframu (utando unaonyumbulika badala ya pistoni) iliyosawazishwa, isiyokuwa nzito kuvuta mtungi unapopungua, na yenye chumba kilichozibwa, yaani kuna diaframu ya pili kwa nje inayozuia maji yasifike kwenye springi huku ikipitisha shinikizo lake. Kwa kazi yako faida ni mbili, kwa sababu kizuizi hichohicho kinachozuia barafu Norwei ndicho kitakachozuia tope la Luchelele. Sitashangaa ukiifungua hiyo ya pistoni ukakuta chumba cha springi kimejaa udongo.

Kaka wa Kayenze
Kwa heshima zote kwa Fundi, naona tunamtia mwenzetu gharama. Kwa mita 12 za ziwani, pistoni rahisi isiyosawazishwa inatosha kabisa: ina vipuri vichache na kuitengeneza ni nafuu. Ni kweli huwa nzito kuvuta unapokwenda kina kirefu au mtungi unapokaribia kwisha, lakini huko chini ya kizimba haendi kina cha kumtesa. Anunue hiyo, kisha Norwei aazime vifaa vya wenyeji wake, ambao bila shaka wanavyo vinavyostahimili baridi yao.

Dada wa Unguja
Kaka wa Kayenze ana hoja, na mimi ningeanza kwa kuwauliza wenyeji kama wanatoa vifaa. Hata hivyo, mtu anayezamia kwa ajira hujua pumzi ya regulata yake kama anavyojua hatua zake gizani. Kuanza na kifaa kigeni, ndani ya suti kavu (isiyoingiza maji, na hujazwa hewa) ambayo pia ni ngeni, ni mambo mawili mapya kwa siku moja.

Nimehudumia vifaa hivi miaka kadhaa, na ninalotaka kulisisitiza ni maandishi. Kiwango cha Ulaya cha EN 250 kinataka regulata isiyofaa maji ya baridi iandikwe alama ya ">10 °C", yaani isitumike kwenye maji ya chini ya nyuzi 10. Ukiiona alama hiyo, irudishe kabatini hata muuzaji akiapa kwa msahafu. Kabla ya kulipa, uliza pia ni nani hapa Tanzania mwenye vipuri vya aina hiyo, maana regulata nzuri isiyo na oringi zake (pete za mpira za kuzuia mvujo) ni pambo. Nunua ya DIN, ambayo hujipinda kwa skrubu ndani ya valvu ya mtungi, kwa kuwa ndiyo iliyoenea Ulaya Kaskazini. Kisha uongeze adapta ya klempu, inayobana regulata juu ya valvu, kwa ajili ya mitungi ya huku kwetu.

Mzamiaji wa Luchelele
Nawashukuru sana. Nimewaandikia wenyeji: wanatoa mitungi na suti kavu, lakini regulata kila mtu huja na yake. Nina maswali mawili. Je, ziwa letu kuwa mita 1,134 juu ya usawa wa bahari kunabadilisha chochote katika uchaguzi? Na nikishakuwa na regulata iliyozibwa, hatari ya kuganda imekwisha?

Fundi Valvu
Urefu wa ziwa hauihusu regulata, kwa sababu hujirekebisha kufuata shinikizo la mahali ilipo. Unahusu jedwali lako la kupanda juu (la muda wa kukaa chini na namna ya kupanda), ambalo juu ya mita 300 lazima lirekebishwe. Natumaini mwajiri wako analijua hilo.

Hatari ya kuganda hupungua, haiishi. Usivute pumzi kwenye regulata wala kubonyeza kitufe cha kumwaga hewa ukiwa bado juu ya jukwaa kwenye baridi kali, kwani unyevu wa pumzi yako huganda ndani ya hatua ya pili. Usijaze suti kavu na jaketi la kuelea kwa pamoja huku unavuta pumzi, maana hewa nyingi inayopita kwa mkupuo mmoja huongeza upoaji. Hatua ya pili yenye sehemu za chuma husaidia, kwa kuwa chuma hupokea joto la maji kuliko plastiki. Huko wengi hutumia mtungi wenye valvu mbili na hatua mbili za kwanza, ili moja ikimwaga hewa waifunge na kupumua kwa nyingine. Wakikufundisha hivyo, usione ni ushamba.

Dada wa Unguja
Niongeze moja kuhusu kuisuuza. Kausha kifuniko cha vumbi (cha tundu linaloingiza hewa ya mtungi) na ukifunge vizuri kabla regulata haijagusa maji ya bomba. Regulata nyingi ninazoletewa zikiwa na kutu ndani, maji yaliingilia kwenye beseni la kuoshea.

Mzamiaji wa Luchelele
Kifuniko changu kilipotea mwaka jana, dada; nimekuwa nikifunga kipande cha mfuko wa plastiki kwa mpira.

Dada wa Unguja
Basi mvujo wako wa miezi minne tusimlaumu muuzaji peke yake.