Mjadala: Mikono mitupu yaweza kumng'oa mtawala wa mabavu?

Mleta mada, Malindi:

Jana baada ya alasiri tulikuwa barazani, si mbali na sanamu ya Mekatilili wa Menza, mzee mmoja akatamka neno lililoninyima usingizi. Asema hakuna nchi iliyokombolewa kwa mikono mitupu, na anayewahimiza vijana waandamane kwa amani anawapeleka machinjoni. Nilimkatalia pale pale. Mwenye hoja aje nayo.

Mtawala wa mabavu ana mikono miwili tu kama mimi. Kodi yake hutolewa na watu, mizigo yake hubebwa na watu, na hata mlango wa jela yake hufungwa na mtoto wa mtu. Mekatilili alilijua hilo mwaka 1913, Waingereza walipotaka kodi ya Wagiriama na vijana wao wakafanye kazi mashambani. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, watu wakimfuata nyuma, hadi Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, wakala kiapo cha kutoshirikiana na mzungu. Alikamatwa akapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Akatoroka, akarudi kwa miguu! Kila nikipita pale kwenye sanamu naziwaza zile nyayo.

Na si yeye peke yake. Tarehe 23 Agosti 1989 watu wa Estonia, Latvia na Lithuania, waliokuwa chini ya Moscow, walishikana mikono barabarani kwa zaidi ya kilomita 600. Ni kama mstari wa watu kutoka hapa Malindi, upitie Mombasa, ufike Nairobi. Januari 1991 vifaru vya Moscow viliingia Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, na watu 14 wakauawa kwenye mnara wa televisheni, wenzao hawakuondoka. Kabla mwaka haujaisha nchi zote tatu zilikuwa huru.

Mchangiaji, Lamu:

Dada, nakuheshimu, lakini hadithi umeikata katikati. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, nyumba zikachomwa, Mekatilili akakamatwa tena. Huku kwetu ngome ya Mkunguni ilikuwa jela mpaka 1984, na sijasikia mfungwa aliyefunguliwa mlango kwa sababu mamake alilia nje. Na Wasahrawi je, wenyeji wa Sahara Magharibi iliyotwaliwa na Morocco? Waliweka silaha chini 1991 kwa ahadi ya kura ya maoni ya Umoja wa Mataifa. Mpaka leo kura haijapigwa. Mwaka 2010 maelfu yao walipiga mahema jangwani, Gdeim Izik, wakidai haki zao, yakabomolewa Novemba mwaka huo huo. Nenda kawaambie wao habari ya mikono mitupu.

Mleta mada:

Kaka, la Wasahrawi limenichoma kwa kuwa ni kweli. Morocco imeleta walowezi wake, haitegemei jasho la Wasahrawi, basi wakigoma peke yao haiumii. Inachohitaji ni mnunuzi wa samaki na fosfeti. Ndiyo maana Polisario, chama cha ukombozi cha Wasahrawi, walikwenda mahakamani Ulaya, na Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikashikilia kufutwa kwa mikataba ya uvuvi na mazao iliyoihusisha ardhi yao bila ridhaa yao. Ni polepole mno, sikatai. Waliozaliwa kwenye kambi za wakimbizi za Tindouf, Algeria, wana wajukuu sasa.

Lakini hilo la mama kulia nje ya jela, hapana. Mwaka 1992, enzi ya Moi, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai wakidai wana wao. Polisi wakawapiga kwa rungu na gesi. Baadhi yao, wanawake wa umri wa bibi yangu, wakavua nguo mbele ya wale askari vijana. Nawe wajua uzito wa laana ya mzazi. Kisha wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao wakaachiliwa.