Daktari wa kwenye simu kaniandikia antibayotiki bila kuliona koo langu

Wakuu, nina hasira na leo nazitoa hapa.

Juzijuzi koo lilianza kuniuma, pua inachuruzika, kikohozi kila baada ya dakika mbili, joto limepanda kidogo. Nikaona nisijichoshe, nimwone daktari kwa simu ya video. Nikaunganishwa. Jamaa macho yako pembeni, anachapa. "Tatizo?" Koo. "Siku ngapi?" Mbili. "Fungua mdomo." Nikasogeza simu mdomoni, na mwenyewe nikajiona kwenye kioo: ulimi, meno, nyuma yake giza totoro. "Sawa, nimeona." Azithromaisini, kimoja kwa siku, siku tatu, pole sana, kwaheri. Dakika nne hazikufika. Simu haijapoa mkononi, zikaja zile nyota tano: umeridhika na huduma?

Nikameza viwili. Nikaharisha usiku kucha, na koo likabaki vilevile. Ndipo nikajikokota hadi kwa daktari wa ana kwa ana.

Huyu alishika tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi. Akatafuta usaha kwenye mafindofindo, hakuna. Akapapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, hakuna. Akanisikia nakohoa, akacheka kidogo. Akasema hata kipimo cha streptokoka, wale bakteria wa koo, haoni sababu ya kukifanya. Kuna dalili nne wanazoangalia kwenye koo: homa, usaha kwenye mafindofindo, tezi za mbele ya shingo zinazouma ukizigusa, na kutokuwa na kikohozi. Nyingi zikikosekana, mara nyingi sana ni virusi, na antibayotiki haina kazi kwa virusi. Panadol, maji ya chumvi ya kusukutua, subiri kama wiki hivi.

Sasa hesabuni wenyewe. Kwa simu, homa na kikohozi unauliza tu. Usaha unataka mwanga wa maana, tezi zinataka vidole. Yaani nusu ya kazi haifanyiki. Na hiyo nusu inayofanyika, la kikohozi hakuuliza, wakati nilikuwa namkohoa sikioni! Wala hakuniuliza kama nina mzio wa penisilini. Maana hata ingekuwa streptokoka kweli, kwa asiye na mzio dawa ya kuanzia ni penisilini au amoksilini. Azithromaisini Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, kwa kuwa bakteria wanaweza kuizoea. Usugu wa bakteria kwa dawa ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na huyu bwana anazigawa kama pipi.

Sisemi simu haifai. Kuongezewa dawa ya presha uliyoizoea, kusomewa majibu ya vipimo, hapo inatosha kabisa. Na wa ana kwa ana nao wapo wanaoandika dawa kabla hujakaa kwenye kiti, nimeshakutana nao. Ila huyo akikosea, mlango wake naujua. Nilipopiga tena kule kuuliza kuhusu kuharisha nikapewa daktari mwingine kabisa, hana habari zangu, swali lake la kwanza: nikuandikie yenye nguvu zaidi? Nguvu zaidi! Ya nini?

Nadhani zile nyota ndizo zinazoharibu. Kumweleza mtu kwa nini hahitaji dawa kunakula dakika kumi, na anaondoka kanuna. Kumwandikia kunakula nne na anashukuru. Mimi mwenyewe yule bwana nilimpa tano, wakuu. Ilikuwa kabla ya tumbo.

Kidonge cha tatu kiko hapa mezani, nakitazama. Kama humu kuna daktari anayetibu kwa video, naomba anijibu swali moja tu: mwenzake aliona nini mle kwenye giza?